Sabufa inalia vibaya? Anza kuchunguza nje ya boksi

Sabufa ya bei nafuu imeshika nafasi ya redio katika nyumba nyingi za kwetu. Ni boksi moja lenye spika ya besi, transfoma na amplifaya, pamoja na spika ndogo mbili za pembeni, rimoti, tundu la flashi na Bluetooth. Mchana inapiga taarabu, jioni inatoa sauti ya mpira wa kwenye runinga, Jumamosi inabebeshwa singeli hadi usiku. Na karibu kila mwenye nayo ana lake la kulalamikia: inavuma, inakwaruza, besi haisikiki, besi imezidi hadi maneno ya mtangazaji hayaeleweki, inajizima katikati ya wimbo.

Mengi ya matatizo haya hayamo ndani ya boksi. Yamo kwenye umeme, kwenye waya, kwenye simu inayotuma muziki, au pale chini ulipoiweka. Fundi akiifungua sabufa nzima kutafuta ugonjwa ulioko ukutani, utamlipa, utairudisha nyumbani, na itavuma vilevile. Ndiyo maana hapa tunaanzia nje na kuingia ndani polepole, dalili moja baada ya nyingine.

Kipimo cha flashi

Chomoa kila kinachoingia kwenye sabufa: waya wa AUX, waya za runinga, vyote. Acha umeme na zile spika ndogo mbili tu. Weka flashi yenye wimbo unaoujua vizuri, rekodi safi, si ule uliorekodiwa kwa simu ukumbini. Rudisha besi na trebo katikati, kisha sikiliza kwa sauti ya wastani.

Tatizo likiisha, sabufa ni nzima na mkosaji ni mmoja wa wale uliowachomoa. Warudishe mmoja mmoja mpaka dalili ijitokeze tena. Tatizo likibaki, ihamishie sabufa kwenye soketi ya chumba kingine, au kwa jirani ikiwezekana. Ikipona huko, shida ni umeme wako au chumba chako. Ikiwa inaumwa hata huko, ndipo boksi lenyewe linapostahili kushukiwa.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha waya, soketi na mipangilio ya simu kwa pamoja, hata ikipona hutajua umeponya nini, na ikirudi utaanza upya.

Haiwaki kabisa

Anzia kwenye plagi. Sabufa nyingi huja na plagi ya pini mbili za duara, wakati soketi za Tanzania, Kenya na Uganda ni za matundu matatu ya bapa. Watu husukuma kalamu kwenye tundu la juu ili ya chini yafunguke, kisha wanaishindilia plagi. Pini hizo hazikai. Zinalegea, zinatoa cheche, zinababua soketi kutoka ndani, na kabla sabufa haijafa kabisa utasikia mikwaruzo na kukatikakatika ambako watu hudhani ni spika. Kata ile plagi, ufunge ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3 ndani yake, au tumia adapta imara. Kuingiza kalamu kwenye soketi yenye umeme kuachwe kabisa, hasa nyumba yenye watoto wanaotazama na kuiga.

Kisha tazama nyuma ya boksi. Nyingi zina fyuzi ndogo ya kioo kwenye kifuniko cha kuzungusha. Ikiwa imekatika, weka nyingine yenye namba ileile. Usifunge karatasi ya sigara wala kipande cha waya, kwa sababu fyuzi ndiyo inayokufa ili transfoma isiungue. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, ndani kuna kitu kimepiga shoti, mara nyingi dayodi za kubadilisha umeme au aisii ya amplifaya (kile kijichipu cheusi kinachokuza sauti). Hapo ni kwa fundi.

Inavuma hata muziki ukiwa kimya

Hili ndilo lalamiko kubwa, na lina vyanzo vingi vinavyofanana kwa nje. Sikio na kitufe cha sauti vinatosha kuvitenganisha.

Shusha sauti hadi sifuri, sogeza sikio karibu na spika ya besi, kisha pandisha taratibu. Mvumo ukipanda pamoja na sauti, unaingia kutoka nje kupitia waya wa kuingizia muziki. Mvumo ukibaki palepale, sauti ikiwa chini au juu, unatoka ndani, kwenye sehemu ya umeme. Na kama mvumo hautoki kwenye spika kabisa bali kwenye ubavu wa boksi, hiyo ni transfoma yenyewe inatetemeka.

Tuanze na mvumo wa kutoka nje. Chomoa waya wa AUX upande wa sabufa. Kukiwa kimya, waya au kifaa cha upande wa pili ndicho chenye kesi. Waya za AUX za bei ya chini zina uzi mwembamba mno wa kukinga mvumo, na hukatikia shingoni mwa jeki kwa kukunjwakunjwa. Izungushe shingo hiyo kwa vidole wakati inapiga. Ikikatika na kurudi, nunua nyingine, usihangaike kuifunga selotepu.

Runinga yenye king'amuzi na dishi huleta mvumo wa aina yake. Vifaa vikiwa vimeunganishwa kwa waya zaidi ya moja, na kila kimoja kina njia yake ya kwenda ardhini, umeme mdogo huzunguka kati yao na spika hulia mvumo mzito. Kuuthibitisha ni rahisi: fungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukifa, umeupata. Chomeka runinga, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja, mara nyingi inatosha. Isipotosha, maduka ya vifaa vya muziki yana kijikopo kidogo cha kuunganisha katikati ya waya wa AUX, chenye transfoma ndogo mbili ndani, kinachopitisha muziki na kuukata ule mzunguko. Usikate pini ya ardhi ya kifaa chochote ili kuua mvumo. Utaua mvumo, lakini utakuwa umeondoa kinga ya mtu.

Simu au kompyuta ikichajiwa huku imeunganishwa kwa AUX, mara nyingi utasikia mluzi mwembamba. Chomoa chaja, mluzi unaondoka. Na ule mlio wa "tiri-tiri-tiri" unaotokea sekunde chache kabla ya simu kuita ni simu ya mtandao wa 2G inayorusha mawimbi kwa vipindi, mara 217 kwa sekunde, na waya za sabufa zinayadaka. Hakuna kilichoharibika. Ondoa simu juu ya boksi, iweke mbali kidogo.

Mvumo wa kutoka ndani, usiobadilika na sauti, kwa kawaida ni kapasita za kuchuja umeme. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na ukishabadilishwa na dayodi hubaki na mawimbi 100 kwa sekunde ambayo kapasita kubwa hizo zinapaswa kuyalaza. Miaka na joto huzikausha. Fundi akifungua utaziona: mitungi miwili mikubwa karibu na dayodi, mara nyingi imeandikwa 2200 au 3300 mikrofaradi. Nzima ina kichwa bapa. Iliyochoka imevimba juu, wakati mwingine imetoa utomvu wa kahawia. Kuzibadilisha ni kazi ndogo, na sabufa hurudi kuwa kimya kama mpya. Mwambie aweke zenye volti sawa na za awali au zaidi, kamwe si pungufu.

Kama ni transfoma inayotetemeka, kwanza kaza skrubu zake. Lakini kama mngurumo unatokea tu unapotumia inveta ya sola, chanzo ni umbo la umeme. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama la gridi. Zinatoa wimbi la ngazi-ngazi, na transfoma ya chuma hulipokea kwa kunguruma na kupata joto. Sabufa yenye tundu la volti 12 nyuma, ilishe moja kwa moja kutoka kwenye betri, ukiwa umehakikisha chanya na hasi. Tumia waya mnene: waya wa milimita mraba 1 kwa umbali wa mita 10, sabufa ikivuta ampea 5, hupoteza karibu volti 1.75 njiani, na kinachofika si 12 tena bali kama 10.

Muziki upo, mwimbaji hayupo

Hii huwashangaza watu. Vyombo vinasikika kwa mbali, kuna mwangwi, lakini sauti ya mwimbaji imefutika na besi imekwenda nayo. Wengine hufikiri wimbo umebadilishwa.

Ni jeki ya AUX ambayo haijaingia sawasawa, au uzi wake wa ardhi umekatika. Bila uzi huo, kushoto na kulia hutoana, na kile kilichorekodiwa sawa pande zote mbili hupotea. Mwimbaji na besi karibu daima hurekodiwa katikati, ndiyo maana ni hao wanaoondoka. Toa kava la simu kwanza. Kava nene huzuia jeki isiingie hadi mwisho, ikabaki nje kiasi cha unene wa kucha. Ikishindikana, badilisha waya.

Besi haisikiki, au imezidi

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako, kwa sababu hapa ndipo sabufa ya kawaida hubadilika bila kutoa shilingi.

Besi ni mawimbi marefu. Katika chumba cha futi 12 kwa 12, kama mita 3.66, sauti ya takriban 47 Hz (mitetemo 47 kwa sekunde) huenda ukutani na kurudi ikakutana na nafsi yake. Mahali pengine inajilundika, mahali pengine inajifuta. Kuta za tofali na sakafu ya saruji hazinyonyi besi, zinairudisha karibu yote. Na chumba cha mraba ni kigumu zaidi, maana pande zote mbili zinavuma noti ileile. Matokeo yake, ukikaa katikati kabisa ya chumba, noti hiyo huisikii. Ukiegemea ukuta wa nyuma, inakufunika. Watu wawili chumba kimoja, mmoja kwenye kochi na mwingine kwenye mkeka katikati, watabishana kuhusu sabufa moja na wote watakuwa wakweli.

Kwa hiyo besi ikiwa haba, kabla ya kugusa kitufe, sogeza. Sabufa iliyo katikati ya ukuta isukume kuelekea kona. Kona ina kuta mbili na sakafu, na zote tatu huisukuma besi mbele. Besi ikiwa nzito na inavuma noti moja kila wimbo, itoe konani, hata nusu mita inabadilisha mambo. Sogeza pia kochi, usiache kichwa chako kimegusa ukuta.

Kuna njia inayofanya kazi vizuri: iweke sabufa juu ya kochi unapokaa, piga wimbo wenye gita la besi linalotembea, linalopanda na kushuka, kisha tembea chumbani ukiwa umechuchumaa, sikio usawa wa goti. Utakuta mahali ambapo kila noti inasikika kwa uzito unaokaribiana. Hapo ndipo sabufa ikae, na wewe urudi kwenye kochi.

Lakini njia hiyo ina mpaka kwa sabufa za bei yetu. Mifumo ya gharama kubwa huipa sabufa sauti za chini ya 80 Hz tu, na huko sikio haliwezi kujua sauti inatoka wapi, kwa hiyo inaweza kukaa popote. Spika ndogo za sabufa zetu zina karatasi (ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti) ya inchi 3 hivi na haziwezi kushuka mbali, basi boksi kubwa hulazimika kubeba mpaka 150 au hata 200 Hz. Sauti ya mwanamume inayoanzia kama 85 Hz inakuwa nusu ndani ya boksi, nusu kwenye spika ndogo. Ukiliweka boksi nyuma ya kochi, mtangazaji ataongea na kifua chake kikiwa nyuma yako. Libakize upande wa runinga, kati ya spika ndogo, na utafute mahali pazuri ndani ya upande huo.

Spika ndogo nazo zipandishwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, zimtazame. Katika nyumba nyingi zimefichwa nyuma ya runinga au zimelazwa juu ya boksi, halafu mwenyewe analalamika hakuna trebo.

Kama besi imekuwa haba ghafla bila kuhamisha kitu, kagua waya za spika ndogo. Moja ikigeuzwa, chanya kwa hasi, zinasukumana badala ya kusaidiana. Weka taarifa ya habari: sauti ya mtangazaji mmoja inapaswa kusimama katikati ya spika mbili. Ikiwa imetawanyika na hujui inatoka upande gani, geuza waya wa spika moja.

Kuna chanzo kingine ambacho mafundi wengi hawaulizi, nacho ni kudeki. Boksi la mbao za kubanwa likikaa chini kwenye vigae, maji ya kudeki hunywewa na kingo za chini. Mbao inavimba, gundi inaachia, na hewa inatoka kwenye ufa badala ya kwenye tundu la besi. Besi inalegea na kunakuwa na mfyonzo wa hewa, "fuu", kila mdundo. Piga wimbo wenye besi ndefu, kata ukanda mwembamba wa tishu, upitishe polepole kwenye maungio yote ya boksi. Pale unaporuka ndipo panapovuja. Gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno, boksi likabanwa usiku mzima, inaziba vizuri. Kisha lipe miguu ya mpira lisikae tena majini. Na tundu la besi lenyewe usilizibe kwa soksi wala usilisukume ukutani, acha angalau sentimita 15.

Vitu vinagonga

Kabla ya kusema spika imepasuka, hakikisha si nyumba inayolia. Pakua programu ya kutoa toni kwenye simu, unganisha, anza 30 Hz na upande polepole hadi 120, sauti ya wastani tu. Kila kitu chumbani kina noti yake. Kioo cha luva kitalia mahali fulani, kioo cha kabati la vyombo mahali pengine, jipsamu ya dari, pete za pazia, fremu ya picha. Toni ikikifikia kitu chake, simama hapo, tembea na uguse kimoja kimoja. Ukigusa na mlio ukafa, umempata. Kipande cha mpira au gundi ya silikoni nyuma ya kioo kinatosha.

Mlio ukiwa kwenye boksi lenyewe, kaza skrubu za spika, bonyeza wavu wa mbele, tikisa waya za ndani zilizoachwa kugusa karatasi. Mende na mijusi huingia kupitia tundu la besi kutafuta joto la transfoma, na mabaki yao hukwama pale. Ukiwa umechomoa umeme, mulika tochi ndani.

Inakwaruza ikipandishwa

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kuidai zaidi ya ilichonacho. Kwenye katoni imeandikwa PMPO, ile nguvu ya kilele inayotangazwa kwa biashara, ya maelfu ya wati. Namba hiyo isahau. Geuza boksi usome lebo ya nyuma, penye matumizi ya umeme. Ikisema wati 60, hakuna namna itoe zaidi ya hizo kwa mfululizo, na sehemu yake hupotea kama joto. Ndani nyingi zina aisii za jamii ya TDA2030, ambayo kila moja hutoa wati kumi na kitu. Ni nguvu nzuri kwa sebule, si ya kuchezesha harusi.

Muhimu zaidi ni mahali mkwaruzo unapoanzia. Simu ikiwa na ikwalaiza iliyopandisha besi, programu ya muziki nayo imepandisha, na kitufe cha besi cha sabufa kiko mwisho, wimbo unafika ukiwa umeshaharibika. Zima ikwalaiza ya simu, weka sauti ya simu kama asilimia 80, kisha tumia sabufa kupandisha. Besi uipandishe mpaka maneno yaanze kuwa mazito, halafu urudi nyuma kidogo. Hapo ndipo pake.

Angalia na saa. Ikikwaruza saa mbili usiku na asubuhi iko sawa, ni umeme kushuka mtaa mzima ukipika na kuwasha taa. Volti zikitoka 230 hadi 180, nguvu ya juu ambayo amplifaya inaweza kutoa hushuka hadi kama asilimia 60 ya ile ya kawaida. Sauti uliyoizoea mchana sasa ni zaidi ya uwezo wake. Punguza, au weka stabilaiza ikiwa tatizo ni la kila siku.

Ikikwaruza hata kwa sauti ndogo, spika yenyewe inahusika. Zima, weka vidole vinne kuzunguka katikati ya karatasi, sukuma taratibu na kwa usawa. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Ukisikia na kuhisi mchanga, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, inasugua sumaku, imeungua au imepinda. Kagua na ule ukingo wa nje: wa sponji huliwa na unyevu, hasa mwambao, ukabaki unga unaobanduka kwa kidole. Wa mpira hudumu zaidi. Ukingo hubadilishika bila kununua spika nzima, ukimpata fundi mwenye mkono mtulivu.

Kitufe kinachokwaruza wakati wa kukizungusha tu ni vumbi au kutu. Zima, kizungushe mwisho hadi mwisho mara nyingi. Isipotosha, dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, tone moja ndani yake.

Inajizima na kujiwasha

Ikizima kila mdundo mkubwa na Bluetooth ikasema imeunganishwa upya, umeme unashuka ndani: plagi legevu, volti ndogo, waya mwembamba wa betri, au kapasita zilizochoka. Ikizima baada ya muda mrefu na kurudi ikipoa, ni joto. Aisii hizi hujikinga zenyewe. Ondoa kile kitambaa cha kufuma kilichofunika hadi nyuma, lipe nafasi bati la kupozea. Bluetooth ikikatika bila sabufa kuzima, hiyo ni umbali au ukuta. Na midomo ya waigizaji kutangulia sauti kwenye runinga ni ucheleweshaji wa Bluetooth, dawa yake ni waya. Runinga yenye tundu la mwanga (optical) pekee itahitaji kibadilishi cha kuugeuza mwanga huo kuwa sauti ya waya wa kawaida, na usiposetia sauti ya runinga kwenye PCM, yaani sauti isiyobanwa, unaweza kukuta kimya.

Upande mmoja kimya

Badilishana spika za kushoto na kulia. Ukimya ukihama na spika, ni spika au waya wake. Ukibaki upande uleule, ni amplifaya au chanzo, na flashi itakwambia kipi. Waya ulioongezwa urefu kwa uzi wa simu hula nguvu: mita 10 za waya wa milimita mraba 0.2 kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hupunguza nguvu inayofika kwenye spika kwa karibu nusu. Wa milimita mraba 1.5 huipunguza kwa kama sehemu moja ya kumi tu.

Karatasi imesukumwa nje na haikurudi

Ukiwasha, karatasi ya besi ikaruka nje au ndani na kubaki hapo huku ikinguruma, chomoa umeme sasa hivi. Aisii imekufa na inapitisha umeme wa DC, kama wa betri, kwenye koili. Kwa dakika chache koili itaungua, na harufu yake haisahauliki. Ukiwahi, ni aisii tu inayobadilishwa.

Chanzo chake mara nyingi ni spika za kuongeza. Spika mbili za omu 4 zikifungwa pamoja kwenye tundu moja huwa omu 2, na amplifaya inavuta mkondo isioweza kuubeba. Kama lazima uongeze, zifunge kwa kufuatana, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, zipate omu 8. Ukibadilisha spika ya besi, fuata omu iliyoandikwa nyuma ya sumaku. Ukipima kwa mita, spika ya omu 4 itasoma pungufu kidogo, 3.2 hadi 3.7, ndiyo kawaida yake.

Ukifika kwa fundi

Mwambie ulichokwisha kujaribu: kwa flashi inafanyaje, mvumo unapanda na sauti au haupandi, inatokea saa ngapi. Maelezo hayo humwonyesha aanzie wapi. Omba uone kifaa kilichotolewa. Kapasita, aisii, kitufe na ukingo wa spika vinafaa kutengenezwa hata kwenye sabufa ya bei ndogo. Transfoma iliyoungua pamoja na koili ya besi, vyote viwili kwa mpigo, uliza bei kabla hajaanza, maana mara nyingi inakaribia ya sabufa nyingine. Hata hapo boksi zuri la mbao na spika ndogo nzima usivitupe, fundi anaweza kuweka amplifaya mpya ndani yake.